Ng'ombe Chongo wa Ngeleja

Mwaka jana dume lilinibwaga matopeni kwenye mnada wa Bariadi. Nikainuka nikasema, "Huyu ng'ombe hana adabu, hata salamu hakunipa." Mtu mmoja alikuwa amewasha simu. Tangu siku hiyo watu wa Maswa ambao hawajawahi kuniona wananiita Hata Salamu. Uso wangu wenye tope unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Nilidhani watachoka. Hawakuchoka.

Jumamosi Ngeleja, baba wa bwana harusi, alileta ng'ombe wa mahari ya binti yangu Kabula. Kwetu ng'ombe hukaguliwa nje ya zizi. Akishavuka mlango amepokelewa, hata awe mgonjwa. Na ng'ombe mbaya humfuata mke hadi ukweni. Siku akiunguza ugali ataambiwa, "Wewe tulikupata kwa chongo."

Chongo alikuwepo. Nikamnyooshea fimbo. "Huyu simtaki."

"Kwani hakukupa salamu, mkwe?" Ngeleja akauliza.

Wakacheka wote, wa kwao na wa kwetu. Simu zikatolewa.

"Rudia, baba Kabula, nilikuwa sijawasha," akasema mmoja.

Nikasema ana jicho moja. Wakacheka zaidi. Mdogo wangu Mboje, niliyemweka mlangoni, alikuwa ameinama anashika mbavu. Chongo akampita, akaingia zizini.

"Mtoeni."

"Ameshaingia," Ngeleja akasema, anafuta machozi. "Mila ni mila."

"Nilimkataa kabla hajaingia."

"Tulidhani unatuchekesha."

Nikafunga mlango wa zizi kwa magogo yake, nikaketi chini, nikauegemea. Ng'ombe waliobaki wakasimama juani, wakaanza kulia. Kabula alichungulia kutoka jikoni, akarudi ndani. Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Unavunja ndoa kwa ng'ombe mmoja?" Ngeleja akauliza.

"Sivunji. Nimekaa tu. Leteni mwingine, nitainuka."

Chakula kilipoa. Mwishowe akamtuma mwanawe Method, bwana harusi mwenyewe, akalete mtamba. Mtamba alipofika nikamkagua macho yote mawili, nikafungua mlango, chongo akatoka.

Jioni mke wangu Milembe akanionyesha simu ya Mboje. Niko pale, nimekaa vumbini kama mtoto aliyenyimwa uji, ng'ombe wamenizunguka wanalia. Juu wameandika: Hata Salamu agoma. Mpaka watu wa Mwanza wamecheka.

Nikamuuliza Milembe pale chongo anapotoka pako wapi. Akatafuta sana.

Hawakupaweka.