Saa ya Mzee Imefika

Ujumbe ulimkuta Anas dikoni Tumbe, pale mashua zinaposhusha samaki, asubuhi ya Ijumaa, mikono imejaa magamba ya changu mpaka viwikoni. Alijifuta kwa kikoi, akaitoa simu mfukoni, akasoma. Ulitoka kwa Haidar, fundi saa wa Chake Chake, jirani wa baba yake huko Wawi.

"Assalaam alaykum, Anas. Saa ya Mzee imefika. Njoo, usichelewe. Tupo hapa kwake."

Hakuusoma mara ya pili. Alikaa juu ya kasha la barafu huku wachuuzi wakimpita na baiskeli zao, matenga yakichuruza maji. Mtu mmoja alimwuliza bei ya pweza, akamtazama kama aliyeulizwa kwa lugha ya ng'ambo.

Tangu kabla ya Ramadhani hawakuwa wakisemezana, yeye na baba yake. Mama yake, Bi Radhiya, ndiye aliyekuwa akipitisha maneno baina yao. Siku za karibuni alikuwa akisema habari moja tu: kifua cha mzee kinalia usiku kama mlango usiotiwa mafuta, na hospitali hataki kusikia. Njoo umtake radhi, mwanangu, alimwambia. Radhi haiombwi kaburini. Anas akaitikia kuwa atakuja. Kila Ijumaa akasema Ijumaa ijayo.

Alimpigia Haidar, hapatikani. Alimpigia mama yake, simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikaita tena, na kila mlio ulimchoma mahali pale pale.

Vuai, dereva wa pikapu inayopeleka samaki Chake, alimwona alivyokaa akaja kumtania kuwa leo bwana mkubwa amegeuka mzigo. Anas akampa simu. Vuai alisoma midomo ikitikisika, kisha akavua kofia yake.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. "Panda, yakhe. Samaki watasubiri."

Waliondoka na nusu ya mzigo. Walipofika Konde, Vuai alisimamisha gari mbele ya duka la vitambaa bila kuulizwa. Leo Ijumaa, alisema, ukifika Chake maduka yanafungwa kwa ajili ya sala, na mtoto wa kiume haingii msibani mikono mitupu. Anas alishuka. Aliagiza bafta, na mwenye duka, mzee mwenye miwani ya kamba, alijua papo hapo kuwa ni ya sanda.

"Mwanamume au mwanamke?" aliuliza kwa upole, mkasi tayari mkononi.

 Vuai, aliyemfuata dukani, alijibu kwa niaba yake. Mkasi ukapita kwenye kitambaa, na ule mlio wake wa kukata, laini na mrefu, ulimfuata Anas mpaka garini. Mwenye duka alitia na kafuri ya maiti ndani ya mfuko, akamwombea Mungu amtie subira.

Kafuri haifichiki. Ilijaza chumba cha pikapu kabla hawajamaliza mteremko wa kwanza, ikashinda harufu ya samaki, ikashinda na jasho. Anas aliuweka mfuko mapajani kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake. Aliitoa simu apate kitu kingine cha kutazama, na kwa kuwa hakuwa na kingine, akausoma ujumbe kwa mara ya pili.

Saa ya Mzee imefika.

Ndipo neno lile lilipompasukia mikononi.

"Vuai," alisema taratibu. "Haidar ni fundi saa."

"Najua. Nani asiyemjua?"

"Saa ya Baba iliharibika. Haidar aliipeleka Dar kutafutiwa springi. Ina miezi huko."

Vuai alikata kona kwanza. Kisha akasema neno saa ni neno saa, na Waswahili hawakulipasua mapande mawili. Mtu akifa tunasema saa yake imefika. Saa ikitoka Dar na boti, nayo imefika. Atajuaje mtu?

Hapo ndipo hofu ya Anas ilipobadilika. Mpaka Konde ilikuwa nzito, ya kitu kimoja, na mtu akibebeshwa jiwe moja hujua namna ya kuinama. Sasa ilipata tumaini ndani yake, nayo ikaanza kumtafuna. Alijikuta anaomba dua ambayo asingeamini kuwa ingetoka kinywani mwake: Mola wangu, iwe ni ile saa. Ile ile saa. Niikute imekaa mkononi mwake inang'ara.

Vuai alimtupia jicho, naye hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite. "Ile uliyoitukana?"

Ile ile. Mzee Marhoun, baba yake Anas, mwalimu mkuu mstaafu, mjukuu wa watu waliokuwa na mashamba ya karafuu wakabakiwa na mikarafuu ya kuhesabika, aliinunua Maskati ujanani. Saa nyeusi, visaa vitatu vidogo tumboni, vitufe viwili ubavuni: ukibonyeza kimoja mshale mrefu unaondoka, ukibonyeza tena unasimama, upate kujua jambo limechukua muda gani. Wapenda saa wanaiita krono, na hiyo ndiyo krono inayojulikana kuliko zote. Dunia nzima inaisifu. Katika kundi lao la simu, lenye watu wa Chake na Unguja na Maskati, Anas akiwamo, kuisema vibaya ni kama kuukashifu msikiti.

Anas aliisema. Usiku mmoja, watu wakishindana kuisifu, alirekodi sauti yake akaitupa kundini. Alisema saa hiyo watu wanaipenda kwa masikio, si kwa macho. Kioo chake plastiki, ukipita karibu na ukuta kimeshakwaruzika. Kila asubuhi uitie ufunguo kama gari bovu. Inaogopa maji, na sisi tumezungukwa na maji. Mtu wa kisiwani ataivaa wapi, juu ya mnazi? Mshale wake mkubwa umelala muda wote, anayeitazama mara ya kwanza hudhani saa imekufa. Na wanaoringa kuwa babu yake alipanda mwezini mkononi mwa mwanaanga, basi ituonyeshe mwezi wa Ramadhani, maana sisi tunautafuta kwa macho kila mwaka na bado tunagombana.

Kundi lilicheka siku tatu. Sauti ikatoka kundini, ikaenda simu kwa simu, mpaka ikafika Wawi, ikachezwa kwenye baraza mbele ya Mzee Marhoun mwenyewe. Mama alisimulia ilivyokuwa. Alisimama, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakulitaja jina la mwanawe.

Na yote aliyoyasema Anas yalikuwa kweli. Ila hakuna hata moja lililokuwa sababu ya kuichukia. Sababu yenyewe hakuwahi kumwambia mtu.

Walipita Ole. Anas alipiga simu tena, na safari hii ya mama yake ilikuwa imezimwa kabisa. Umeme umekatika tangu jana, Vuai alisema, simu za watu zinakufa tu, usizitafutie maana. Neno kufa lilipomtoka, alijiuma mdomo.

"Vuai, kama yu hai," Anas alisema akiutazama mfuko, "mie nimemnunulia sanda mtu aliye hai. Nimemwita kaburini."

"Sanda haimwiti mtu. Wazee wangapi wanazo kwenye makasha yao?"

"Wamejinunulia wenyewe. Si mtoto aliyegombana nao."

 Vuai alipendekeza auache mfuko garini. Anas alifikiri, akaona kuwa akiuacha na mzee amekufa, ataingia mikono mitupu kwa baba yake kwa mara ya mwisho. Na akiingia nao na mzee yu hai, bora ardhi impasukie. Aliushikilia.

Njia ya Wawi ilikuwa na pikipiki zimeegeshwa pembeni. Karibu na nyumba kulikuwa na gari mbili; Vuai aliegesha nyuma, akabaki garini. Mlangoni kwa baba yake, Anas aliona viatu. Makubazi, malapa, viatu vya ngozi vya wazee, vimepangana mpaka nje ya upenu. Hakuna kitu duniani kinachosema kama viatu vingi mlangoni asubuhi ya siku ya kazi.

Nje, chini ya paa la makuti, sufuria kubwa ilikuwa motoni. Shangazi yake, Bimkubwa, alikuwa ameinama akichochea kuni, na alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu, yanatiririka. Moshi, au la. Anas alitaka kuuliza akashindwa. Swali lile halina namna ya kuulizwa. Akatoa shikamoo, sauti ikamtoka kama ya mtoto.

"Marahaba," Bimkubwa alisema, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Alimtazama muda mrefu. "Umekuja. Ingia ndani. Wanakungoja weye tu."

Wanaongojewa ni warithi. Wanaongojewa ni watoto wa kiume, waje waingie kaburini wapokee maiti. Anas alivua viatu, akakosa pa kuviweka, akaviacha popote. Ukumbini kulinuka udi. Alisikia sauti za wanaume, za chini, kisha zikakatika alipofika kizingitini. Nyuso zote zikamgeukia. Na katikati ya jamvi, mto mgongoni, miwani puani, Mzee Marhoun alikuwa amekaa akiitia ufunguo saa yake.

Yu hai. Anas aliegemea fremu ya mlango. Machozi yalimtoka kabla hajaweza kuyakataza, na jasho, na pumzi aliyoizuia tangu Konde. Haidar, aliyekaa karibu na mzee, alitabasamu akaanza kusema kuwa amemwita makusudi, na wazee wamealikwa chakula cha suluhu, ili saa iliyowagombanisha iwapatanishe. Kisha akaiona hali ya Anas, akanyamaza.

Mzee alimtazama mwanawe juu ya miwani. Jicho likateremka mpaka kwenye mfuko.

"Umeniletea nini?"

Anas aliukumbatia mfuko kifuani. Mzee alinyoosha mkono, na mkono ule haukuwahi kunyooshwa bila kutiiwa. Mfuko ukaenda. Kafuri ilitangulia kufika. Mmoja wa wazee alijitia kukohoa. Mzee Marhoun alivuta bafta kiasi cha shubiri, akaipima baina ya vidole viwili kama apimavyo mnunuzi, na chumba kizima kikasikia kifua chake kinavyolia.

"Nilikusudia saa," Haidar alinong'ona. "Wallahi, Mwalimu, niliandika saa. Hii."

Mtu wa pembeni alianza kucheka, akameza kicheko chake. Mzee hakucheka.

"Ujumbe ni sahihi," alisema. "Msomaji ndiye aliyekuwa na haraka." Akaikunja bafta kwa makini. "Bi Radhiya. Njoo uiweke kashani. Ni nzuri, haitakosa siku."

Mama alikuja akaichukua bila kumtazama yeyote. Anas alipiga magoti pale pale kizingitini, akamwomba baba yake radhi kwa ile sauti.

"Ile sauti niliisikia," Mzee alisema. "Hiyo ya mwezi hata mie nilicheka, nilipokuwa peke yangu. Kilichoniuma ni mwanangu kusema na watu wa Unguja na wa Maskati, akaniruka mie. Haya. Mie huyu. Sema kwa nini huipendi."

Njiani Anas alidhani amefika mwisho wa hofu. Kumbe mwisho wake ulikuwa hapa, mbele ya macho haya mawili. Alianza kusema kuwa kioo cha saa ni plastiki, kinakwaruzika.

"Hayo nimeshayasikia."

"Inaogopa maji."

"Anas."

Alitazama jamvi. "Ulikuwa ukinituma dukani, Baba, ukaibonyeza. Nikirudi hukunitazama uso. Ulitazama mkono wako, ukasema nimekawia. Siku zote nimekawia. Nilikuwa nikikimbia mpaka najikojolea njiani, maana sikuthubutu kusimama." Aliinua macho. "Saa haina kosa. Mie nilikuwa nakuogopa weye."

"Ulikuwa?"

Uongo ulikuwa karibu, na ungepokewa. "Mpaka sasa," Anas alisema.

Mzee Marhoun alitaka kujibu, kikohozi kikamtangulia. Kilikuwa kirefu, cha ndani, kikamkunja mpaka kofia ikamwanguka, na hakuna aliyethubutu kumshika. Kilipomwachia, uso wake ulikuwa wa kijivu. Aliwaomba wageni radhi, watoke nje kwenye kibaraza, chakula kitawafuata. Wazee waliinuka mmoja mmoja, Haidar wa mwisho, wakatoka bila kuagana.

Walibaki wawili. Anas alikuwa bado kapiga magoti, hajui kama anafukuzwa.

"Radhi unayo," Mzee alisema, kwa sauti ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia, ndogo, isiyo na umwalimu ndani yake. "Lakini usirudi Tumbe leo. Hiki kifua, Anas. Likishazama jua kinanibana, na hilo mama yako simwambii. Naogopa."

Akasogea kwenye jamvi, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Anas alisimama, akavuka ukumbi, akakaa.