Wiki Sita Chali

Mgongo wa Mwenyekiti uliteguka Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwenye ngazi za nyumba ya watu, akiwa amebeba kabati la watu. Kabati lilikuwa la jirani aliyekuwa anahamia ghorofa ya pili: milango mitatu, mbao nzito za zamani, na kioo ambacho mwenyewe hakutaka kukitoa. Wabebaji walikuwa wanne. Walipofika kwenye kona ya ngazi, watatu wakapumzika bila kuambizana, na uzito wote ukamshukia wa nne.

"Na wa nne ulikuwa wewe," mkewe alisema hospitalini. Hakuwa anauliza.

"Ilitokea tu, mama."

"Asubuhi nilikuomba ushushe magunia sita ya unga. Ukasema narudi sasa hivi. Mgongo ulioninyima mimi umeupeleka kwenye kabati la watu."

Daktari alikuwa na sauti ya upole iliyofanya habari mbaya izidi kuwa mbaya. Alisema pingili moja ya chini imesogea na inabana mshipa. Wiki sita kulala chali kwenye kitanda kigumu, kuinuka ni kwa choo tu, tena kwa kushikwa. Akikaidi, atapasuliwa.

Jina la Mwenyekiti halikuwa la utani mtupu. Bekari aliirithi kwa baba yake, akaiendesha na mkewe aliyesimamia kaunta na mdogo wake aliyesimamia tanuri. Lakini nje ya bekari alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, wa chama cha kuzikana, wa timu ya mpira iliyozoea kufungwa, na zaidi ya yote, wa kamati ya daraja. Mtu akifiwa, akigombana na mpangaji mwenzake, au akizungushwa ofisini, alikuja kuegemea kaunta, akasikilizwa nusu ya maelezo yake, kisha akaambiwa, "Niachie mimi." Mkewe aliyachukia maneno hayo mawili kuliko matusi.

Wakatandika mbao za rafu za mikate juu ya kitanda, na juu yake godoro jembamba. Chumba chao kilitenganishwa na bekari kwa ukuta mmoja tu, kwa hiyo mchana kutwa Mwenyekiti aliisikia mashine ya kukandia, na kwa mlio wake alijua kinachoendelea. Donge likiwa kavu, mashine ilinung'unika. Likiwa na maji mengi, ilipigapiga kama mtu anayetembea kwenye tope na ndala. Siku ya pili alisikia tope. Akachukua mpini wa ufagio akagonga ukuta.

Mdogo wake akachungulia mlangoni, nyusi zimejaa unga. "Kaka, unaumwa?"

"Maji yamezidi."

"Unga huu ni mpya, unakunywa maji kuliko ule. Lala, kaka."

Mkate ulipotoka, mkewe alimletea kipande na chai. Aliutafuna polepole akiutafutia kasoro, na alipoikosa akaudhika zaidi.

Kisha wageni. Siku ya kwanza walikuja kumi na tisa. Kila mmoja alikaa ukingoni mwa kitanda, palepale daktari alipokataza pasikaliwe, akasema pole, akasimulia mgongo wa shangazi yake uliopona kwa kukandwa au ambao haukupona kabisa, halafu akashusha lililomleta. Kocha alitaka jezi. Wapangaji wawili waligombania kamba ya kuanikia nguo, wakaja wote wawili, wakagombana upya juu ya miguu yake. Mkewe akabandika karatasi mlangoni: Mgonjwa amelala. Mwenyekiti akisikia hatua za mtu, aliita kutoka ndani, "Niko macho."

"Unajua kwa nini siwafukuzi?" mkewe alimuuliza akikusanya vikombe. "Nikiwafukuza, utawafuata."

Yote hayo angeyavumilia. Lililomkaa kooni ni daraja.

Mtaa wao ulikatwa vipande viwili na korongo. Ng'ambo kulikuwa na nyumba zaidi ya mia mbili, na watu wake wakitaka kuja upande wa huku, kwenye soko na zahanati, walilazimika kuzunguka hadi barabara kuu, mwendo wa karibu saa nzima. Kwa miaka tisa Mwenyekiti alipigania daraja la miguu, barua baada ya barua, ofisi baada ya ofisi. Alilitaka kwenye kona ya zahanati, na sababu aliyompa kila ofisa ilikuwa ileile: rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, fundi cherehani aliyejulikana kama Sindano, aliishi ng'ambo, mkabala na kona hiyo, na mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu utotoni. "Daraja hili ni la mguu wa Sindano," alizoea kusema. Sindano akiwapo alitazama chini, na Mwenyekiti aliona ni shukrani.

Sasa kibali kilikuwa kimetoka. Mhandisi alikuwa amepima sehemu mbili, kona ya zahanati na nyuma ya soko, na mkutano wa kuchagua mojawapo ulipangwa Jumatano ya wiki ya pili ya kulala kwake.

"Nibebeni na kitanda," alimwambia mkewe.

"Kitanda hakipiti mlangoni."

"Basi kwa ubao."

"Nani akubebe? Wale watatu wa kabati?"

Ikabidi amwite Katibu, mwalimu mstaafu aliyekuwa katibu wa kamati zake zote, amwandikie barua ya kusomwa mkutanoni. Katibu aliandika kwa mwandiko wa kupendeza na kwa mwendo wa kobe.

"Neno 'nasisitiza' umelisema mara tano, Mwenyekiti."

"Andika zote tano."

"Kwa ufasaha, mbili zinatosha."

"Katibu, mgongo ni wangu na barua ni yangu."

Jumatano jioni alisikia watu wakipita uchochoroni kwenda mkutanoni shuleni, vicheko, viatu, mtu akikohoa. Mkewe alikwenda, mdogo wake alikwenda, na kwa mara ya kwanza bekari ilikuwa kimya kabisa. Alilala akitazama dari, akiwajibu wapinzani ambao hakuwasikia. Nzi alitua kwenye paji la uso wake akatembea hadi puani, naye akamwacha, kwa sababu alikuwa katikati ya hoja.

Mkewe aliporudi alisema mkutano ulikuwa mrefu na miguu inamuuma. Katibu hakuja. Sindano, ambaye alikuja kila siku saa nne na gazeti, alikuja kesho yake akasoma habari za mvua.

"Mkutano ulikwendaje?"

"Watu walikuwa wengi."

"Barua ilisomwa?"

"Ilisomwa vizuri sana. Katibu ana sauti."

"Wakaamua nini?"

"Mambo bado yanaandikwa. Pumzika kwanza."

Siku nane zikapita hivyo. Kila aliyeulizwa alikumbuka ana haraka. Mkewe alinyoosha shuka lililokuwa limenyooka. Hata wale wapangaji wa kamba waliacha kuja, na Mwenyekiti, aliyekuwa amewachoka, akaanza kuwakumbuka. Alijua anafichwa kitu. Kulala chali ukijua unafichwa kitu, na huwezi hata kuinuka ukamshika mtu shati, kulimtafuna kuliko mgongo wenyewe.

Siku ya tisa aligonga ukuta kwa sababu alisikia mlango wa tanuri ukifunguliwa mapema. Mdogo wake aliingia safari hii, akasimama miguuni mwa kitanda na glovu mkononi.

"Kaka, nimechoka kugongewa. Mkate huu naupika mwaka wa kumi na nane sasa. Kila siku unanunuliwa unaisha. Wewe unanigongea ukuta hapa, na kule daraja limeshaamuliwa, litajengwa nyuma ya soko, watu wameanza kuchimba, na hakuna aliyekufa."

Akasikia mwenyewe alichosema, akakaa kwenye stuli.

Mwenyekiti akauweka chini mpini wa ufagio. "Nani aliipinga barua yangu?"

"Kaka, nina trei ndani ya tanuri."

"Nani?"

"Muulize Sindano," mdogo wake akasema, akatoka.

Saa nne ikafika, na hatua za Sindano zikasikika uchochoroni, moja nzito, moja ya kuburuta. Akakaa, akafungua gazeti.

"Funga hilo gazeti," Mwenyekiti akamwambia. "Ni wewe?"

Sindano akalikunja mara mbili, akaliweka gotini. "Ni mimi."

"Miaka tisa. Nimekalia mabenchi ya ofisi hadi suruali zangu wewe ndiye unayezitia viraka. Kwa ajili ya mguu wako. Halafu unasimama mbele ya watu, mimi niko hapa kama gogo, unasema huhitaji?"

"Sikusema sihitaji. Nilisema nyuma ya soko."

"Zahanati iko kwenye kona."

"Zahanati naenda mara mbili kwa mwaka. Cherehani yangu iko sokoni. Nilihama kibarazani kwangu mwaka wa nne sasa, ulikuja ukanisaidia kubeba meza. Kila siku ya Mungu nazunguka kwenda sokoni na kurudi. Kwa mguu huu huu unaousemea."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuja kaunta, nikaanza, ukasema niachie mimi. Mara ya pili ukasema tayari umeandika barua, tukibadilisha tutachelewa. Mara ya tatu nikaona aibu. Mtu anahangaika kwa ajili yako, utamwambiaje anakosea?" Sindano alipangusa uso kwa gazeti. "Ofisi zote zinaujua mguu wangu. Mimi nikipita, makarani wanautazama kabla ya kunitazama usoni."

Mwenyekiti alitaka kumgeuzia mgongo, lakini mgongo wenyewe ndio ulimkatalia kugeuka. Akafumba macho. Baada ya muda alisikia stuli ikisogezwa, na zile hatua zikaondoka.

Mkewe alipoleta chakula alimkuta vilevile.

"Mlijua wote," akasema.

"Tulijua. Ungeinuka."

"Sindano amenivua nguo mbele ya mtaa mzima, na wewe unaniletea supu."

"Usitegemee nimseme Sindano," mkewe akasema. "Mimi mwenyewe niko kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya kuulizwa."

Akamlisha kijiko kwa kijiko, na hilo nalo lilimuudhi, kwamba hawezi hata kukasirika bila kulishwa. Supu ilipokaribia kwisha, akasema kwa sauti ya mtu anayelipishwa faini, "Haya. Unataka nini?"

Kijiko cha mkewe kilibaki hewani. "Nataka kwenda kwa dada yangu," akasema hatimaye. "Siku nne. Mwaka wa tatu huu, kila nikifunga mkoba mtu wako anafiwa. Nataka niende, wewe ubaki kaunta, na usitoke."

Mwenyekiti alikuwa na majibu matatu tayari mdomoni, moja la kamati ya wazazi. Akayameza pamoja na supu. Hayakushuka vizuri.

Sindano hakuja tena kwa wiki tatu zilizofuata. Saa nne ilikuwa saa ndefu kuliko zote.

Wiki ya sita daktari alimruhusu asimame. Miguu ilikuwa imekonda, na sakafu ilionekana mbali. Alipewa masharti ya kuvaa mkanda wa mgongo, lakini wa dukani ulimbana mbavu na kulegea kiunoni. Jumatatu iliyofuata mkewe alifunga mkoba, akamwonyesha funguo zilipo kana kwamba ni mgeni, akaondoka.

Saa nne, Sindano aliingia bekari na utepe wa kupimia shingoni. Hakusalimu.

"Mkeo ameniagiza nikushonee mkanda. Inua mikono."

Mwenyekiti akainua.

"Unataka mpana au mwembamba?"

"Daktari alisema mpana."

"Daktari hauvai. Wewe unataka upi?"

"Mpana," Mwenyekiti akasema kwa hasira, kisha akafikiri. "Usipande kwenye mbavu, basi."

Sindano akaandika kwenye kikaratasi. "Kiuno kimeongezeka."

"Nimelala wiki sita. Kona ya zahanati ilikuwa bora."

"Ardhi pale ni laini. Mhandisi alisema."

"Mhandisi hakai hapa."

"Mimi nakaa. Geuka."

Akageuka. Sindano alipomaliza alichukua mkate mmoja, akaulipia, akatoka akiburuta mguu kuelekea sokoni.

Adhuhuri aliingia mama mmoja wa ng'ambo, amevaa kanga iliyoloa chini. Mfereji wa jirani yake ulikuwa unamwaga maji uani kwake, na alikuwa amekuja kwa Mwenyekiti mwenyewe. Akaegemea kaunta, akaeleza. Mwenyekiti alihisi miguu yake ikijiandaa. Dakika ishirini tu zingemtosha. Mdogo wake alikuwa nyuma, angeweza kushika kaunta.

"Kamati inakaa Alhamisi," akasema. "Nenda ukawaeleze wote. Leo nauza mikate."

Mama yule alimtazama kama mtu aliyeuziwa mkate uliolala. "Nilidhani wewe ni mtu wa watu," akasema, akaondoka.

Maneno yale yalimchoma mchana kutwa. Mara mbili alifika hadi mlangoni, akasimama, akarudi. Aliwajibu wateja kwa mkato, akakosea chenji, akamfokea mdogo wake kuhusu trei ambazo hazikuwa na tatizo. Jioni simu ikaita. Mkewe alitaka kujua kama amekwenda popote.

"Sijatoka," akasema, bado amenuna.

"Mgongo?"

"Unauma." Akaivuta stuli, akakaa. "Dada yako hajambo?"

Mkewe akaanza kumweleza habari za dada yake, na zilikuwa nyingi.