Koti Lililopata Wapangaji

Ti, ti, ti. Hakukuwa na upepo, lakini kifungo cha koti la mvua kilikuwa kikigonga ukuta wa kibarazani. Bibi mshonaji alikisikia kabla hakujapambazuka. Akamgeukia mumewe, aliyekuwa akivaa viatu aende kazini kwenye kitalu cha miche, kando ya msitu.

"Mzee wangu, koti lako linabisha hodi."

Mume akatoka na taa. Koti halikuguswa kiangazi chote, na leo mvua ilikuwa imeanza. Alipolishika tu, ndege wa kahawia, mdogo kama ndimu, akachomoka mfukoni na kuzama gizani. Ndani mlikuwa na kiota cha majani, na makinda matatu yameachama.

"Wahamishe," bibi akasema. "Kwa mvua hii, na kifua chako hicho?"

"Niwapeleke wapi, mke wangu? Hawa hukaa vichakani chini, na kichaka chao hapo uani nimekifyeka mwenyewe."

Akajitanda gunia, akaenda.

Jioni alirudi akitiririka maji, anakohoa mpaka mabega yanatikisika. Bibi hakumgombeza. Alimpa chai ya moto, akasimama mlangoni. Mvua ikinyesha, ndege yule alikuja na buibui mdomoni, akaenda, akaja na mdudu mwingine. Bibi akageuka, akatandua kitambaa cha plastiki cha mezani, chenye maua mekundu makubwa kama sahani, akakaa kwenye cherehani.

Kesho yake mume alirudi mkavu, anacheka peke yake.

"Wamenitania wale wenzangu wa kitaluni. Eti leo meza imekuja kazini kwa miguu yake."

"Ukawajibuje?"

"Nikawaambia, basi kaeni mle chakula. Ila mmeloa, mtaichafua meza ya watu."

Siku zikapita, kikohozi kikaisha. Asubuhi moja kinda la mwisho lilisimama kwenye mdomo wa mfuko, likayumba, likarukia majani mabichi yaliyoanza kuchipua pale palipofyekwa. Mume akanyoosha mkono achukue koti lake. Bibi akamzuia.

"Liache hapo hapo."

"Si wewe uliyetaka niwahamishe?"

"Nilikuwa sijafahamiana nao."

Akamfunga vifungo vya koti la maua, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Kisha akaufungua vizuri mfuko wa lile la zamani, akageukia yale majani mabichi.

"Msitutupe, wanangu. Mje tena kututembelea."