Hofu ya Douwe

Kwa miaka ishirini na mitatu ya ndoa, Hiske aliwaambia watu jambo moja bila kuona haya: mume wangu anaogopa kupanda ndege. Alilisema kama wengine wanavyosema mume wangu ana kisukari. Kila kiangazi walifunga karavani, nyumba yao ya magurudumu, nyuma ya gari, wakaenda kambi ile ile ya Ujerumani, kando ya ziwa lile lile, wakanyeshewa mvua ile ile waliyoikimbia nyumbani Friesland, Uholanzi. Rafiki zake walirudi kutoka visiwa vya mbali wamebabuka pua, wakamwonyesha picha, naye akazisifu na kuwamiminia kahawa. Hakununa. Mume ni mume, na hofu si jipu useme utalitumbua.

Ila mwaka huu alikuwa amemponya. Ndivyo alivyoamini, na hakuacha kujisifu. Tangu majani yalipoanza kupukutika aliazima vitabu maktaba, akasoma jinsi hofu inavyoingia mwilini na jinsi inavyotolewa. Kila jioni baada ya chakula alipanga viti viwili sebuleni, bega kwa bega, cha dirishani kikiwa cha Douwe. Akawasha mashine ya kufyonza vumbi nyuma yao ili masikio ya mumewe yazoee mngurumo, akampa juisi ya nyanya kwenye kikombe cha plastiki kama abiria, akamshika mkono. "Vuta pumzi taratibu. Haya, toa. Ndege ni basi tu lenye mabawa." Na Douwe, pande la mtu, fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe ambaye hata mafahali humpisha njia, alifumba macho, akavuta, akatoa, kiganja chake kikalowa jasho. Hiske alimpenda jioni zile kuliko alivyompenda siku ya harusi.

Januari Douwe akasema, "Haya, kata tiketi." Hiske alilia kwa furaha.

Kisiwa alikichagua yeye: Kurasao, ng'ambo ya bahari, ambako Kiholanzi kinaeleweka na maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Hakuna kati yao aliyewahi kufika, na hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote. Wote wawili watakuwa wageni, wote wawili watapotea njia, wote wawili wataishangaa bahari ile kwa wakati mmoja. Alipanga kila kitu, nyumba ndogo yenye baraza, gari la kukodi, ufuko wa siku ya kwanza, ufuko wa siku ya pili. Douwe alikuwa mtu wa kuitikia tu. Mara moja alitia neno.

"Ufuko huo una mawe," alisema. "Beba viatu vya mpira."

"Umejuaje?"

"Nimesoma mahali."

Hiske akafurahi kwamba mumewe hata kusoma ameanza.

Safari ilikuwa baada ya Pasaka. Kabla yake, mwezi wa Machi, Douwe alitimiza miaka hamsini.

Kwao mwanamume akifika hamsini husemwa amemwona Abrahamu, na kabla hakujapambazuka rafiki zake huja kimyakimya wakasimika sanamu la matambara mbele ya nyumba yake. Hulivisha kwa namna ya kumtania, ili kijiji kizima kipite kikimcheka mzee mpya. Asiyewekewa sanamu hana watu.

La Douwe lilitia fora. Hiske alifungua pazia akaliona limeketi kwenye kiti cha ufukoni katikati ya manyunyu na upepo, kofia pana ya ukindu kichwani, shati la maua, mapezi ya kuogelea miguuni. Usoni walibandika picha kubwa ya Douwe mwenyewe, anacheka hadi jino la mwisho, miwani ya kupigia mbizi imesukumwa juu ya paji la uso, bahari ya buluu nyuma yake. Hiske alicheka mpaka akakaa kitandani. Siku hizi kompyuta humweka mtu popote, hata mwezini, na mafundi wenzake walishapata habari za safari.

"Njoo uone, mzee! Wamekuzamisha kabla hujafika!"

Douwe alikuja na mswaki mdomoni. Akatazama. Hakucheka.

"Nakwenda kulitoa," alisema.

"Ulitoe uende nalo wapi? Ukilitoa hili wataleta mawili."

"Majirani watatuona wapuuzi, Hiske."

"Si ndiyo kazi yake, jamani?"

Alivaa suruali, akatoka na malapa, akaligeuza sanamu lielekee ukutani. Hiske akatoka nyuma yake, akaligeuza tena litazame barabara, akampiga mumewe kofi la mgongo, kisha akarudi ndani kukata keki. Alidhani ni haya tu ya mtu aliyeamka na umri mkubwa.

Kabla ya adhuhuri wageni wakaanza kuingia. Viti vilikuwa vimepangwa duara sebuleni, na kila aliyeingia alilizunguka duara zima akitoa mkono, kwa sababu kwao siku ya kuzaliwa hapongezwi mwenye siku peke yake. Hupongezwa mke wake, hupongezwa shangazi yake, hata jirani akikaa vibaya hupongezwa.

"Hongera kwa mumeo, Hiske."

"Asante. Karibu ukae."

Shangazi Aukje, dada wa marehemu baba yake Douwe, alishika kiti kilicho karibu na meza, kama kawaida yake, ili keki isimpite. Wa mwisho kuingia alikuwa Wiebren, fundi mwenzake Douwe, mtu wa sauti ya zizini. Hiske alimpokea mlangoni, sahani ya keki mkononi.

"Shemeji! Hongera kwa mumeo! Lakini leo mimi nakupongeza wewe zaidi."

"Kwa lipi tena?"

"Kwa moyo! Douwe katuambia umeishinda ile hofu yako. Miaka yote tunamwambia, bwana wee, mlete na mkeo. Anasema, mke wangu akisikia ndege tu anazimia. Tukasema basi, hatuwezi kumlazimisha mtoto wa watu. Sasa unakwenda! Tumefurahi sana, shemeji."

"Hofu yangu?" alisema Hiske.

"Usione haya. Hata yeye mara ya kwanza alinikamata vidole nusura avivunje. Bia mbili, akalala hadi Kurasao. Mara ya pili na ya tatu yeye ndiye alikuwa anatupigia kelele tusichelewe." Wiebren akanyoosha kidole dirishani, sanamu liliko. "Ile picha nimempiga mimi mwenyewe, Novemba hii iliyopita. Unaionaje?"

"Nzuri," alisema Hiske.

Novemba. Kila Novemba, miaka mitatu sasa, Douwe na wenzake walikwenda Ujerumani kwa gari, wiki nzima, kiwandani, kujifunza mashine mpya. Alikuwa akirudi mwekundu shingoni na mabegani. Hotelini kuna vitanda vya taa za kubabua ngozi, alisema, tena bure, wanaume wazima tunalala humo kama soseji. Na Hiske alicheka, akampaka mafuta mgongoni, akamfulia nguo. Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Hawasemi yule anayeibiwa hufanya nini hizo thelathini na tisa. Humfulia mwizi nguo, ndicho anachofanya.

Hakuangusha sahani. Aliizungusha, kila mtu kipande kimoja na si zaidi, na wale ambao walikuwa bado hawajampa mkono wakampa. Hongera kwa mumeo. Hongera kwa Douwe wako. Kila hongera ilimwingia kama kofi, naye akaiitikia kwa meno yote. Alipofika kwa mumewe aliinama, akamwambia kwa sauti ya kila siku, "Njoo unisaidie kahawa."

Jikoni alifunga mlango.

"Ulipanda ndege lini mara ya kwanza?"

Douwe aliitazama mashine ya kahawa. "Wiebren ana domo," alisema.

"Wiebren hana kosa. Yeye anadhani najua. Nimekuuliza lini."

"Novemba ile ya kwanza... Karibu miaka miwili na nusu sasa."

"Kabla ya harusi ya Nynke, au baada?"

Nynke alikuwa mdogo wake Hiske. Aliolewa Kanada, na Hiske aliitazama harusi ile kwenye simu, hapo hapo jikoni, kwa kuwa hakutaka kwenda peke yake na kumwacha mumewe akinyanyapaliwa na ukoo kwa woga wake.

"Kabla," alisema Douwe.

"Ulisimama hapo nyuma yangu. Ukanishika bega. Ukasema, pole mke wangu, laiti ningeweza."

"Hiske..."

"Na sebuleni? Miezi yote ile? Mimi nimewasha mashine ya vumbi kama mwendawazimu, nakunywesha juisi ya nyanya! Mkono wako ulikuwa unalowa chapachapa, Douwe. Hata jasho mtu analiigiza?"

"Jasho lilikuwa la kweli. Niliogopa utagundua."

Hiske alikaa juu ya kreti la bia. Kumbe jioni zile alizozipenda kuliko harusi yake alikuwa akimtibu mwongo, na dawa ilikuwa inamzidishia ugonjwa. Aliona uchungu, aliona aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi.

"Kwa nini lakini?"

"Mwanzo niliogopa kweli, Mungu ananiona. Halafu hofu ikaisha. Nilirudi nikitaka kukwambia, nikawaza, nikimwambia tu, kesho analeta ramani. Kila kitu chetu ni cha wawili. Karavani ya wawili, baiskeli za wawili, hata mafua tunaugua pamoja. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu."

"Si ungesema!"

"Ningesema kisingekuwa changu tena."

"Na kuwaambia wenzako kwamba mwoga ni mimi?"

Douwe alichukua kijiko, akakirudisha.

"Walikuwa wanauliza kwa nini huji," alisema. "Ilibidi mtu awe mwoga."

Huko sebuleni Shangazi Aukje alipaza sauti. "Nyie! Hiyo kahawa mnaikamua kwa ng'ombe?" Wageni wakaangua kicheko.

Douwe alisogea, akataka kumshika mkono, akaogopa. "Twende tu, mke wangu. Sasa hakuna siri. Wewe hutapata tabu yoyote, nitakuonyesha kila kitu."

"Nilitaka tuone," alisema Hiske. "Sikutaka kuonyeshwa."

Lakini, ukweli usemwe hata kama unamfedhehesha, bado alitaka kwenda. Alikuwa ameisubiri safari ile ujana wake wote, na moyo ulikuwa umeshaanza kumtafutia udhuru yule bwana. Hakuwa na mwanamke huko. Hakufuja mali. Alidanganya tu. Aombe msamaha mbele za watu, Hiske aliwaza, aone haya kidogo, kisha tutakwenda. Akanyanyua birika la kahawa, akatangulia.

"Haya, tusimulieni," alisema Shangazi Aukje walipoingia. "Nasikia maharusi wetu wanakwenda kisiwani, wote wawili mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza ni mimi, Shangazi," alisema Hiske, akaketi kwenye duara kama mgeni. "Douwe ameshafika mara tatu. Tena mimi ndege siiogopi wala sijawahi kuiogopa. Muulizeni mwenyewe."

Wiebren alimtazama Hiske, akamtazama Douwe, mara uso wote ukamwiva hadi masikioni, akakitazama kipande chake cha keki. Douwe alisimama katikati na trei ya vikombe.

"Eleza basi," alisema Hiske. "Tunakusikiliza."

"Ni... ni kweli," alisema Douwe. "Nilikwenda. Na kina Wiebren."

"Mara tatu!" alisema Shangazi, ambaye uongo wa mume kwa mke hakuuona kuwa habari. "Mjanja wewe, kama baba yako. Sasa kuna nini huko? Samaki wapo?"

"Wapo, Shangazi."

"Wakubwa?"

"Wapo hata kasa." Douwe alimtupia mkewe jicho, na Hiske akampa ishara ya kidevu, endelea. "Ukienda upande wa magharibi, asubuhi, kabla watu hawajafika, unaingia majini tu, wala hupigi mbizi, wanakuja wenyewe. Mmoja alikuwa hivi." Alitua trei chini ili mikono ipate nafasi. "Hivi, Shangazi! Sinia zima! Alinizunguka, akanitazama usoni kama ananijua. Nikamfuata. Chini kule hakuna sauti, hakuna anayekuita, unajisikia pumzi yako tu. Nilimfuata mpaka Wiebren akadhani nimekufa!"

Wageni walicheka. Mmoja akauliza kama maji yana chumvi kali, mwingine kama papa wapo, na Douwe akawajibu wote, akageuka huku na huku, akainama kuigiza kasa anavyopiga makasia, akacheka mwenyewe kabla ya wengine. Alikuwa ameshasahau kwamba anatubu. Mabega yalimshuka, miaka kumi ikamtoka usoni, sauti ikawa ya kijana fulani mchangamfu ambaye Hiske hakuwahi kukutana naye, si kambini, si kitandani, si siku ya harusi. Hiske alikuwa amejiandaa kuiona aibu ya mumewe, na hata machozi yake angeyastahimili. Kwa furaha yake hakuwa amejiandaa.

"Una bahati, Hiske mwanangu!" Shangazi Aukje alimpiga kofi la gotini. "Mwezi ujao na wewe utayaona yote hayo."

"Mimi siendi, Shangazi," alisema Hiske. "Sikualikwa."