Deni la Toleo la Kumi na Nne

Katika jarida letu la katuni hakuna jambo lililoruhusiwa kusahaulika. Kila toleo lilipotoka, mimi mwandishi niliandika kwenye daftari la mwendelezo yote yaliyowapata mashujaa wetu: nani kavunjika mguu, nani kajua siri ya nani, nani kaapa nini. Kalamu ya buluu kwa mambo yaliyotokea, nyekundu kwa madeni. Shujaa akiokolewa na mwenzake akasema "nitakulipa," anaandikwa kwa nyekundu, na mstari ule haukatwi mpaka alipe kwenye ukurasa uliochapwa. Akishalipa, mwandishi na mchoraji wanaukata pamoja, kila mmoja na sahihi yake. Wasomaji wetu walikuwa wakali. Ukisahau ahadi ya shujaa, barua zinamiminika.

Mstari mmoja ulikaa humo miaka kumi na moja. Toleo la kumi na nne: Tufani, shujaa wetu anayeruka, kaanguka kutoka mawinguni, na Kobe, yule mzito asiye na mbio, akamkinga kwa mgongo wake. Gamba likapasuka. Tufani akaapa, "Siku ukiniita, nitafika kabla hujamaliza kutamka jina langu." Tangu hapo Kobe alichorwa ameinama kidogo, na hakuwahi kuita. Nilimwandika hivyo makusudi. Shujaa asiyedai hamsumbui mwandishi.

Aliyewachora ni mwenzangu. Nilimwita Penseli, naye akaniita Domo. Toleo lile lile ndilo lililotuletea jambo letu wenyewe. Penseli alinikabidhi kurasa kumi na nane nijaze maneno. Nikaziacha mezani, dirisha wazi, nikaenda zangu kupiga soga. Mvua ikanyesha. Niliporudi wino ulikuwa umetiririka hadi sakafuni. Mhariri wa wakati huo hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa keshaniapia kwamba nikikosea tena nafungasha virago, na nyumbani nilikuwa na mtoto wa wiki mbili. Aliposimama mlangoni akifoka, mimi nilibaki nimekodoa macho tu. Penseli ndiye aliyesema, "Ni mimi, bosi. Nilikuja kusahihisha, nikasahau kufunga dirisha."

Akachora upya kurasa zote kwa siku nne. Adhabu yake ikawa moja: jina lake likaondolewa kwenye jalada. Hadi siku hiyo tulikuwa tukikaa pale wawili, mwandishi na mchoraji, herufi sawa kwa sawa. Nikabaki peke yangu. Nikamwambia, "Toleo lijalo namweleza bosi ukweli."

Akacheka. "Domo, wewe ushujaa wako ni wa kwenye karatasi."

Toleo lijalo likawa lijalo kweli kweli. Mhariri akaumwa, nikaona si wakati wake. Akapona, akachangamka, nikaona nisimharibie furaha. Akastaafu, nikajiambia sasa nani atakumbuka. Nilipewa tuzo mbili kwa ajili ya mashujaa wale. Mara zote mbili Penseli alikuja, akakaa viti vya nyuma, akaendelea kupiga makofi hata baada ya ukumbi kunyamaza. Hilo linaniuma hadi leo. Hakuwahi kudai, nami nikazoea asidai.

Mwaka huu jarida likanunuliwa. Bosi mpya, mama mmoja mwenye haraka zake, akatangaza kwamba hadithi inaanza upya kutoka toleo la kwanza. Mashujaa wote watakuwa wageni kwa wenzao, na yote yaliyotokea hayakutokea. Kikaoni akaniuliza kama kuna ahadi yoyote iliyobaki. Nikafungua daftari.

"Moja," nikasema.

Akanipa ukurasa wa mwisho wa toleo la mwisho. Nikaomba auchore Penseli, ingawa presha ya macho ilikuwa imemweka nyumbani mwaka mzima. Bosi akakubali bila ubishi, kisha akasogeza mbele yangu mfano wa jalada.

"Jina lako tu, kama siku zote? Kama kuna mtu wa kuongeza sema sasa hivi, maana jalada linatangulia kuchapwa leo."

Yaani aliniuliza kabisa. Nilitakiwa kutaja jina moja tu. Lakini jina lile lingeleta swali la pili, kwamba lilikuwa wapi miaka kumi na moja, na chumba kilijaa wafanyakazi wapya walionitazama kwa heshima. Nikaona aibu. Nikasema, "Kama siku zote."

Penseli aliuchora ukurasa ule kwa siku kumi na mbili, pua ikigusa karatasi. Kobe amezungukwa na maadui, anafumbua kinywa, kafika "Tu..." na Tufani yuko ubavuni mwake tayari. Katika miaka yetu yote hakuchora kitu kizuri kuliko hicho.

Jarida lilipotoka nilimpelekea nakala, pamoja na daftari. Shemeji, mkewe, alinifungulia geti akaniingiza sebuleni. Penseli alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, amevaa shati lililopigwa pasi. Akalipokea jarida, akalipapasa, akanusa wino.

"Siku hizi herufi zimenishinda," akasema. "Hebu nisomee jalada, Domo."

Nikasoma jina la jarida. Nikasoma namba ya toleo. Nikasoma jina langu. Akasubiri, kichwa amekiinamisha upande wangu.

"Halafu?"

"Halafu lako," nikasema, nikalitamka jina lake lote, la kwake na la baba yake.

"Herufi sawa?"

"Sawa kwa sawa."

Akaliweka jarida pembeni. "Haya. Lete daftari."

Nikamwekea kidole kwenye mstari mwekundu. Akaukata kwa mchoro mmoja ulionyooka, akatia sahihi yake. Nami nikatia yangu.

"Tufani amelipa," akasema. "Nenda salama, bwana mwandishi."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nikadhani ni uchovu.

Shemeji alinisindikiza. Njia nzima hadi getini nilikuwa nimeanza kujisikia nafuu, Mungu anisamehe, nikijiambia angalau nimemfurahisha mgonjwa.

"Shemeji," akasema, mkono ukiwa kwenye komeo. "Jarida hilo nilimnunulia jana, siku lilipotoka. Jalada nilimsomea mimi. Akanirudisha nisome mara ya pili, akidhani nimeruka mstari."

Nikageuka kulitazama dirisha la sebuleni.

"Leo alitaka tu kukusikia wewe," akasema, akafunga geti.