Oili Isiyoganda

Mawese ya baridi nayajua. Kwetu Bangwe, Kigoma, asubuhi yenye upepo wa ziwani, unakuta dumu limeganda nusu: chini kuna uji mzito wa rangi ya chungwa, juu mafuta mekundu yanayotembea. Mteja mgeni hudhani umechanganya na kitu. Inabidi uliweke dumu juani kidogo ndipo aamini. Kazi hiyo ya kuuza mawese nimekua nayo kwa mama, kabla sijaajiriwa jikoni kwenye kambi ya wageni huko kusini, ambako kwa boti ni safari ya siku nzima.

Siku hiyo, nikirudi kazini, nilipata nafasi kwenye ndege ya kambi. Ni ndege ndogo ya injini moja, na viti vya nyuma vilikuwa vimetolewa kupisha mchele na vitunguu, kikabaki kimoja. Mzee Bonifasi, mpishi wetu mkuu, alikataa kukaa mbele.

"Huko mbele mtu anaona mengi mno," alisema. "Kaa wewe Honorata, unayependa kuona."

Kabla ya kuondoka dumu langu la mawese lilivuja. Sisi huweka kipande cha nailoni mdomoni mwa dumu kabla ya kufunga kifuniko, ndipo kinakaza. Asubuhi ile nailoni ilikuwa imechanika, nikaiona, nikaiweka hivyohivyo kwa sababu bodaboda ilikuwa inanisubiri. Kapteni Castory, rubani wetu, ndiye aliyelipakia dumu. Mafuta yakammwagikia viganjani. Akajipangusa kwenye suruali, akaenda kukagua injini. Alifungua kidirisha kidogo juu ya boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakirudisha, akazungusha kifuniko chake. Nilikuwa nyuma yake nikifuatilia kila hatua.

"Unasomea urubani?" aliniuliza.

"Naangalia tu, Kapteni."

"Haya. Kuangalia ni bure."

Tukaruka. Niliuliza kila geji ni ya nini, naye akanijibu. Ile ya presha ya oili niliipenda kuliko zote, maana ilikuwa na mshale mwembamba uliotulia katikati ya rangi ya kijani. Kushoto kwetu milima, kulia ziwa lisilo na mwisho. Kulikuwa na baridi. Upepo uliingia kwenye upenyo wa mlango ukapiga chupa ndogo ya mawese niliyoiweka miguuni, zawadi kwa rafiki yangu wa kambini. Nikaona chini ya chupa panaanza kufanya ukungu.

Tulikuwa tumekwenda kama dakika ishirini na tano nilipoona tone kwenye kona ya kioo cha mbele. Lilikuwa la rangi ya chai. Likavutwa na upepo, likawa uzi. Likaja la pili.

"Kapteni, kioo kinapata mafuta."

Akacheka. "Ni mawese yako hayo. Nilishika boneti na mikono ile. Ukifika utanioshea ndege."

Yeye ni rubani, mimi nakatakata vitunguu. Lakini macho hayakutoka pale. Nyuzi zilikuwa tano, halafu sikuweza kuzihesabu, na zote zilikuwa zinakimbia. Nikatazama chupa miguuni. Ukungu ulishapanda hadi nusu. Nikainyanyua, nikaiinamisha: mafuta yalisogea kwa uvivu, kama uji uliopoa. Na chupa ilikuwa ndani. Kule nje kuna baridi zaidi.

"Kapteni, samahani. Mawese kwenye baridi hii yangeganda. Yangenata kwenye kioo kama nta. Haya yanakimbia."

Nikamwonyesha chupa. Aliitazama, akatazama kioo, asicheke tena.

"Na ule mshale," nikasema, "tulipoondoka ulikuwa katikati. Sasa uko karibu na mwisho wa kijani."

Aligonga kioo cha geji kwa kidole. Kisha akapunguza nguvu ya injini, mlio ukashuka, akaigeuza ndege polepole bila kushuka, juu ya ufukwe. Akawaita watu wa uwanja wa Kigoma kwa redio kwa sauti ileile aliyoniambia nayo kwamba kuangalia ni bure.

"Kuna nini huko mbele?" aliuliza Mzee Bonifasi.

"Oili inavuja, Mzee. Tunarudi."

"Ya dumu?"

"Ya injini."

Mzee akashika gunia la mchele. "Mnaona sasa kwa nini nilikataa kiti hicho."

Nilimuuliza Kapteni oili ikiisha kinatokea nini. Hakunificha. Vyuma vitasagana bila ulainisho, vitapata moto, injini itajifunga. Ndiyo maana hashuki mapema: injini ikizima, kimo kile ndicho kitakachotutelezesha hadi kwenye mchanga badala ya majini.

"Sasa nisomee geji zile mbili, presha na joto. Mimi nitazame nje, kioo kinaziba."

Nikasoma. Presha imeshuka kidogo. Joto limepanda kidogo. Presha palepale. Kioo kikawa kahawia chote, naye akawa anachungulia kwa dirisha la ubavuni. Yalipoonekana mabati ya Ujiji, karibu na uwanja, mshale wa presha ulikuwa umegusa mstari mwekundu. Nikamwambia. Akaitikia, "Sawa," akaanza kushuka. Nyuma yangu Mzee Bonifasi alikuwa anasali kwa Kiha, taratibu, kama anayemsimulia mtu habari.

Magurudumu yakagusa. Kapteni akazima injini hapohapo, ndege ikaenda yenyewe kwa magurudumu hadi ikasimama.

Boneti ilikuwa nyeusi, imelowa tepetepe. Alifungua kile kidirisha kwa kitambaa. Kifuniko cha oili kilikuwa kimekaa upande, kimeshikwa na mzunguko mmoja tu wa skrubu. Juu yake kulikuwa na alama ya kidole gumba, rangi ya chungwa, imekaukia pale kwa joto la injini.

Tuliitazama wote.

"Vidole viliteleza," Kapteni alisema. "Kikagoma kuzunguka, nikadhani kimefika mwisho."

Nikamweleza habari ya nailoni: kwamba ilichanika, na nilikuwa nimeiona.

"Wewe ulifunga dumu vibaya. Mimi nilifunga injini. Kwenye ripoti nitaandika kwamba kifuniko sikukikaza, basi. Dumu halina leseni ya urubani."

Fundi aliikagua injini siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu nilifika uwanjani na nailoni mbili mpya kwenye dumu, na majivu kwenye mfuko, maana mawese hayatoki vizuri bila majivu. Kapteni alilipakia dumu, halafu akaja akaninyooshea viganja. Nikavisugua, nikavimwagia maji, nikavikausha kwa khanga yangu.

"Kagua," akasema.

Nikapitisha kidole changu juu ya gumba lake. Hakikuteleza. Ndipo akaenda kufungua kidirisha, nami nikamfuata nyuma kutazama.