Maji Chini ya Filta

"Nifundishe," alisema Mama Vifaranga huku akijifunga mtandio kiunoni. "Huko niendako nikikwama sitakuwa na fundi wa kumpigia kelele."

Ndivyo nilivyojua kwamba anahama.

Alikuwa na pikapu nyeupe ya dizeli, akisambaza vifaranga wa siku moja kwa wafugaji. Gari likimzimikia juani, vifaranga wanakufa ndani ya maboksi. Liliwahi kumzimikia hivyo kwa sababu ya pampu ya dizeli, akaja gereji analia. Tangu siku hiyo aliniletea gari kila Ijumaa nilikague, na kila Ijumaa mimi nilivaa ovaroli safi. Mtaa mzima ulijua kwa nini, isipokuwa yeye. Au na yeye alijua.

"Unahamia wapi?"

"Kwa baba watoto. Wazee wamekaa, yamekwisha. Tunarudiana."

Cheche, mchomeleaji wetu, alizima mashine yake ili asikie vizuri. Kwa umbea hana mpinzani.

Nilifungua boneti. Nilitaka kuivuta kwa hasira, nikaifungua taratibu.

"Pampu hii haina oili yake," nilimwambia. "Inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayoipitisha. Ikinywa maji inashika kutu. Ikivuta hewa inajisaga kavu. Kwa hiyo tangi lisishuke chini ya robo, hata kama umefika mlangoni kwako."

"Na dizeli ya madumu?"

"Nyoosha kiganja."

Nilimdondoshea dizeli kidogo. Vidole vyangu havikugusa vyake, nilihakikisha.

"Sugua. Unasikia inavyoteleza? Iliyochanganywa mafuta ya taa inakauka upesi. Ukiona hivyo, ondoka, hata muuzaji akikuita shemeji."

Alicheka. Jamani, kile kicheko!

Kisha nikamwachia kazi. Alilegeza skrubu ya chini ya filta, akakinga kikopo, akabonyeza pampu ya mkono. Yalitoka maji kwanza, yamekaa chini kwa kuwa ni mazito, halafu dizeli safi. Akakaza skrubu, akabonyeza tena hadi pampu ikawa ngumu chini ya kidole gumba. Akaenda kunawa bombani.

Cheche alinisogelea.

"Wewe bwege kweli. Legeza skrubu hiyo kidogo tu. Ivute hewa, imzimikie pale kwenye mlima. Atapiga simu, utakwenda kama shujaa."

"Na vifaranga?"

"Vifaranga gani? Huoni amebeba vitanda?"

Niligeuka kutazama nyuma ya pikapu. Vitanda, magodoro, kabati lililofungwa kamba, baiskeli ya mtoto. Nyumba nzima.

"Atarudi leo," nilisema. "Na kesho?"

"Kesho utajua kesho. Kazi kujivuna tu, wewe!"

Ndiyo, najivuna. Sijafika pa kumvuta mwanamke kwa gari bovu. Lakini spana ilikuwa mkononi mwangu, na mkono ulishakuwa kwenye skrubu. Niliishika kitambo. Mwisho nikapitisha kitambaa chini yake, nikaona hapavuji hata tone, nikafunga boneti.

Aliwasha mwenyewe. Gari likaitika mara moja.

"Nimefanya mwenyewe!" alipiga makofi kama mtoto. "Fundi, umeona? Mwenyewe!"

"Nimeona."

Hakuondoka. Alikaa pale, mkono juu ya gia, injini ikinguruma vizuri kiasi cha kuniudhi.

"Fundi."

"Naam."

"Hakuna kitu umesahau kuniambia?"

Nilitazama baiskeli ya mtoto.

"Filta," nilisema. "Uibadilishe kabla haijaziba. Usisubiri gari likose nguvu mlimani."

Alinitazama kidogo, kisha akatazama mbele.

"Sawa. Asante, kaka."

Kaka! Siku zote hizo hakuwahi kuniita kaka.

Hakunipigia simu wiki hiyo, wala mwezi ule. Kila ilipoita kwa namba ngeni nilichomoka chini ya gari na kujigonga kichwa, kumbe ni mteja mwingine. Nikaanza kuomba, Mungu anisamehe, hata filta tu izibe.

Mvua zilipokwisha, dereva mmoja wa lori alileta gari lake kubadilisha breki.

"Wewe ndiye fundi wa yule mama wa vifaranga?" aliuliza. "Tulikutana kituo cha mafuta. Ile pikapu yake inanguruma kama imetoka dukani. Alikuwa anamfundisha mumewe kutoa maji kwenye filta, jamaa amejichafua dizeli mpaka kwenye viwiko, wanacheka wote wawili. Anakushukuru sana."

"Amesema nini kingine?"

Dereva alifikiri. Alifikiri kwa kweli, maskini, alikuwa mtu mwema.

"Hapana. Asante tu."

"Haitoi moshi mweusi?"

"Hata kidogo."

"Vizuri," nilisema, nikalala chali, nikajisukuma chini ya lori.

"Breki ziko huku nyuma," alisema dereva.

"Najua. Niache kidogo."

Cheche alimshika dereva mkono, akamwambia waende wakanywe chai.